Rangi ya Gari la Amana

Nilikwenda Kibiti mwezi uliopita kwa arobaini ya Fundi Mbwana, na nasema kweli, nililia zaidi pale kwenye gereji yake kuliko kwenye kisomo chenyewe. Mjukuu wake, kijana mwenye adabu, ndiye anayeiendesha sasa. Alinionyesha mashine ndogo kama simu, unaigusisha kwenye bodi ya gari, inasoma rangi na kukutolea namba, namba unaipeleka dukani, na duka linakupa kopo lako. "Haikosei, mama," akaniambia. Nikampa hongera zake. Moyoni nilikuwa nacheka, maana mimi rangi moja ilinichukua miezi mitano, safari ya mtumbwi na mkeka mzima wa kulalia, na sidhani kama mashine ile ingeweza kunisaidia, kwa kuwa rangi yenyewe Fundi Mbwana alikuwa ameshaikwangua yote akaifagia na kuimwaga shimoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Habari za nyumbani kwetu naziacha, hazina jipya. Itoshe kusema nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu na kusuka mikeka, na mikeka yangu niliiuza kando ya barabara ya kwenda pantoni. Fundi Mbwana alinichukua kwa sababu ya mikeka hiyo. Siku moja alisimama akaushika mmoja, akaniuliza nani aliyetia rangi ukindu ule. Nikamwambia ni mimi. Akauliza zambarau ile nimeipataje. Nikamweleza: unachemsha, unatoa, unaacha ukauke, unarudisha tena, na usiuhukumu ukiwa mbichi. Akasema nije gereji Jumatatu. Nilidhani nakwenda kujifunza kupuliza rangi. Kumbe nilikwenda kupiga msasa, na nilipiga msasa mwaka mzima mpaka vidole vikapoteza alama zake. Bomba la rangi alikuwa akilining'iniza kwenye msumari wake juu ukutani, na alinitahadharisha mapema kabisa. "Hilo hutalishika. Mteja akimwona mwanamke na bomba, atafikiri tunanyunyizia mikorosho dawa."

Ilikuwa enzi za ruksa zimeanza. Anayeikumbuka miaka iliyotangulia atanielewa: rangi ya gari ilikuwa haipatikani, na watu walipaka kilichokuwapo. Barabarani Kibiti lilipita lori lenye rangi ya madirisha ya shule, pikapu yenye rangi ya vitanda vya zahanati, na basi moja lililopakwa lami ya mitumbwi kuanzia magurudumu hadi madirishani, ambalo jua likiwaka abiria walikuwa hawathubutu kuliegemea. Halafu ghafla maduka yakaanza kujaa. Fundi Mbwana alirudi kutoka Dar na makopo ya rangi yenye vifuniko vinavyong'aa, akayapanga kwenye rafu ya chumba cha rangi, na kwa wiki nzima alikuwa akiingia mle ndani kuyatazama tu. Chumba chenyewe kilikuwa cha udongo, hakina dirisha ila tundu moja la mwanga, kuta zake tumezitundikia magunia tuliyoyalowesha maji ili yanase vumbi. Kilinuka thina ya kuzimulia rangi na gunia bichi. Huko nyuma yake ndiko tulikokula mchana, wali na kisamvu, au ugali na kambale, na kutoka pale nilisikia kila neno lililosemwa kwenye benchi la gahawa lililokuwa mbele ya gereji, upande wa barabarani.

Ndivyo nilivyosikia habari za Mzee Mkumba kabla sijamwona. Benchi lilikuwa likimcheka. Walisema kuna mzee anakuja kutoka Mtunda na gari la kabla ya Uhuru, linavutwa kwa kamba nyuma ya trekta, na paka wote wa njiani wanalifuata. Nikadhani ni maneno ya gahawa. Lilipofika, kweli paka walikuwapo, watatu. Lilikuwa gari la pua ndefu na taa za duara, limepakwa rangi ya mtumbwi juu ya rangi ya nyumba juu ya sijui nini, na juu ya yote hayo limepakwa sifa, yale mafuta ya papa watu wa pwani wanayopaka vyombo vyao visioze. Kila masika Mzee Mkumba alikuwa akilipaka chochote alichopata ili kutu isiingie. Alishuka kwenye trekta taratibu, mrefu, kanzu imefuliwa ikafuliwa, akatusalimia wote mmoja mmoja, hata mimi niliyekuwa nimejaa vumbi la puti ya kuzibia mabonde ya bati.

"Gari hili si langu," akamwambia Fundi Mbwana kabla hata hajakalishwa. "Hili ni amana."

Alikuwa dereva wa mwenye duka mmoja, Bwana Nasoro, na Bwana Nasoro aliondoka nchini miaka ile mambo ya maduka yalipokuwa magumu. Asubuhi ya kuondoka alimpa Mzee Mkumba funguo, akamwambia, nikirudi nitalikuta. Mzee Mkumba akajibu, utalikuta kama ulivyoliacha. Maneno hayo aliyasema kwa haraka, mtu anaaga, nani angepima kila neno? Lakini alikuwa ameyasema, na tangu siku hiyo yalimkalia shingoni. Aliliweka gari bandani juu ya magogo. Alikataa kulikodisha, akakataa kuwauzia watu hata taa. Sasa vizuizi vimelegea, na barua imefika: Bwana Nasoro anakuja baada ya Idi. Injini ilikuwa imeshapata vipuri na kunguruma, ingawa barabarani hakuthubutu kulihatarisha. Kilichobaki kilikuwa rangi. "Nataka liwe kama lilivyokuwa siku ile nilipopewa," alisema. "Si zuri kuliko lile, na si baya kuliko lile. Lile lile."

Fundi Mbwana alikuwa mtu wa kazi ya uhakika, na uhakika wake ndio uliotuponza. Mzee Mkumba aliporudi Mtunda, Fundi alinikabidhi msasa na patasi, akaniambia tulivue gari lile nguo zote. Tulikwangua siku kumi na mbili. Tulitoa mipira ya milango, tukaingia kila kona, hata chini ya viti, hata ndani ya buti, mpaka gari likasimama jeupe, bati tupu, linang'aa kama sufuria mpya. Fundi alijivunia mno. Aliwaita watu wa benchi waje waone. Mzee Mkumba naye akaja, akalizunguka mara mbili, akatazama sakafu iliyofagiliwa vizuri.

"Mashallah," akasema. "Na ile rangi ya kwanza mmeiweka wapi?"

Nilimtazama Fundi, Fundi akatazama shimo la takataka, ambalo tulikuwa tumeshalichoma moto. Katika tabaka sita tulizokwangua, hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kubakiza kipande cha ile ya chini kabisa. Nilitaka ardhi inimeze. Mimi niliyejidai najua rangi, niliifuta kwa mikono yangu, na sikukumbuka hata ilikuwaje, kwa kuwa ilitoka imechanganyika na unga wa tabaka zote nyingine.

"Si kitu, mzee," akasema Fundi, sauti imempungua. "Wewe unaijua. Tuambie tu ilikuwaje."

"Nikikwambia buluu utaniletea buluu ya madirisha. Nikikwambia kijani utanipa ya mgomba. Mie nimepaka rangi nyingi mno juu ya ile, mpaka macho yangu yamechanganyikiwa. Nikiiona nitaijua. Lakini kukisia siwezi, bwana. Kitu cha mtu hukisii."

Basi ikawa kazi ya benchi la gahawa. Kwa mwezi mzima Kibiti haikuwa na mazungumzo mengine. Mmoja aliapa gari la Bwana Nasoro lilikuwa la rangi ya tembele changa. Wa pili akasema ni jeupe, yeye mwenyewe alilipanda akiwa na homa na alikumbuka weupe wake. "Weupe ulikuwa wa homa," wakamwambia. Wa tatu akasema nyekundu, wakamzomea, nyekundu ilikuwa trekta ya ushirika. Kila aliyesema, Fundi Mbwana alimchanganyia rangi yake kwenye kifuniko cha kopo, na kila kifuniko Mzee Mkumba alitikisa kichwa. Alikuwa anakuja kutoka Mtunda mara mbili kwa wiki, na kila akija alikuwa amekonda kidogo zaidi. Fundi alianza kusema pembeni kwamba mzee huyu hataki gari, anataka mazungumzo. Nilikasirika sana kusikia hivyo. Mimi nilikuwa nimemwona mzee akisimama peke yake karibu na bati lile tupu, na nilijua nilichokiona ni hofu. Aliogopa kwamba siku ikikaribia atakubali rangi yoyote kwa kuchoka, na atampa mwenzake kitu kisichokuwa chake.

Mlango wa zamani wa gari lile Mzee Mkumba alikuja kuukumbuka tukiwa tunakula. Siku hiyo tulikuwa na wali wa mchele wa Chumbi aliotuletea yeye, na Fundi alikuwa akisimulia lori lililorudi nyuma vibaya pale pantoni likamvunjia mtu taa. Mzee Mkumba akaacha tonge hewani. "Hata sie liliturudia lori palepale," akasema. "Likaupinda mlango wa nyuma. Bwana akanunua mwingine." Na ule wa zamani? Bwana Nasoro aliutupa; shemeji yake Mzee Mkumba akauokota, akaenda nao Salale. Tukamuuliza mbona hakusema siku zote hizi. Akashangaa kwa nini tunashangaa. "Mlango ule haukuwa amana. Mwenyewe aliutupa kwa mkono wake. Ndiyo maana sikuuweka moyoni."

Nilisema nitakwenda mimi. Fundi akaniuliza nitakwenda na nani, nikamwambia na wanawake wachuuzi wa kamba wakavu, wanaokwenda kila bamvua, maji yanapojaa sana, na nikainuka kwenda kufunga kanga zangu kabla hajapata jibu. Tulipanda lori mpaka kwenye maji, kisha mtumbwi, tukapita katikati ya mikoko kwenye vijito vinavyofanana vyote mpaka nikaacha kuuliza tuko wapi. Salale nilielekezwa kwa mjane wa yule shemeji, Bi Somoe, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu ya moshi. Nilimkuta jikoni kwake, kibanda cha makuti kisicho na kuta. Katikati ya kibanda, juu ya nguzo nne, chini yake moto wa magogo ya mkoko unafuka, umelazwa mlango wa gari. Juu ya mlango kamba wamepangwa safu kwa safu wakikauka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema umetoka Kibiti kufuata mlango. Kibiti hamna milango?"

Nilicheka, kisha nikamweleza yote: gari, Mzee Mkumba, barua, na mimi na msasa wangu. Alisikiliza huku akigeuza kamba kwa vidole bila kuungua. Nilipolitaja neno amana aliacha kugeuza. "Mkumba bado analo gari la watu?" akauliza. "Miaka yote hii?" Akakaa kitako. Kisha akasema mlango hautoi, mlango ule ndio jiko lake na ndio uliomsomeshea watoto, lakini kona ya chini imeshaliwa na kutu, kamba wanadondoka motoni, nikitaka niikate. Badala yake nimsukie mkeka wa kulalia, wa rangi, si mweupe. Tukakubaliana hivyo. Nikaikata kona ile kwa mkasi wa bati niliopewa na Fundi, kipande cha ukubwa wa viganja viwili, pamoja na ukanda wa mpira uliogandia ukingoni, mgumu kama ngozi kavu ya kiboko. Bi Somoe alinilisha wali na kamba wa nazi mpaka nikashindwa kuinuka, na maji yalipojaa nikaondoka, kipande kimefungwa kwenye kanga kifuani kwangu.

Kipande kilikuwa cha kijani. Si kijani cha kupendeza, ni kile cha majani yaliyoanza kukauka, kinaelekea kwenye hudhurungi. Fundi Mbwana alifurahi kama mtoto. Alichanganya, akapaka kifuniko, akachanganya tena, na mimi nikawa napanga vifuniko juani na kumzuia asihukumu kabla havijakauka. Ramadhani ilituingilia tukiwa kwenye kazi hiyo. Ilipofika katikati, kifuniko kimoja kililingana na kipande mpaka ukiviweka pamoja huoni mpaka wake. Mzee Mkumba akaitwa. Alivishika vyote viwili, akavipeleka nje kwenye mwanga, akavigeuza mara hivi mara hivi. "Mlango ni ule ule," akasema mwishoni. "Basi pakeni."

Fundi akapiga makofi. Mimi nilimfuata mzee kumpa fimbo yake aliyoisahau, nikamkuta ameegemea nguzo ya paa la bati. "Mwanangu," akaniambia bila kunitazama, "akili inaniambia mlango hauna sababu ya kusema uongo. Lakini moyo haujatulia. Nikimkabidhi mtu kitu chake na moyo huu, nitamtazamaje usoni?" Nilirudi kwa Fundi nikamwambia mzee hakuridhika. Fundi akanijia juu. "Kasema pakeni! Wewe umesikia neno gani jingine?" Kijani kile kikachanganywa makopo mawili, na ikapangwa tupake Jumamosi.

Alhamisi nilibaki nyumbani nimalize mkeka wa Bi Somoe. Nilitaka kumsukia nakshi moja ya kizamani ambayo shangazi yangu alikuwa nayo kwenye mkeka wa mama yake, uliotundikwa darini, juu ya jiko, miaka na miaka. Niliuteremsha. Ulikuwa wote wa rangi moja, kijani cha kuelekea hudhurungi, huwezi kujua kipi kilikuwa kipi. Hilo halikunisumbua. Kila msukaji wa kwetu anajua mkeka uliokaa juu ya moshi hautazamwi usoni. Unatafuta mahali ukili, ule mkanda uliosukwa, umeunganishwa na ukili mwenzake, unafumua mshono, na chini ya mshono, ambako moshi haukufika, rangi imekaa kama siku ilipotoka chunguni. Nilichukua sindano nikafumua upana wa kidole. Chini yake palikuwa na zambarau na buluu. Niliziangalia. Nikaitazama sindano mkononi mwangu. Nikasema peke yangu kwa sauti, "We Siwema, mjinga gani wewe," na nikatoka mbio na kanga moja, nimefunga saumu, jua la saa saba limesimama utosini.

Nilimkuta Fundi Mbwana ameketi anakoroga kijani chake. Sikumwamkia. Nilichukua kile kipande cha Salale nikakigeuza upande wa mpira. Miezi ile yote tulikuwa tunakitazama usoni, bati lililokaa juu ya moshi wa mkoko maisha yake yote, na mpira ule tuliuacha ukingoni kwa sababu uligoma kutoka. Nikaingiza wembe chini yake. Ulikuwa umeshikwa na gundi ya kiwandani, ulitoka vipande vidogo vidogo, nikajikata kidole mara mbili nisihisi. Halafu ukatoka kipande kirefu. Chini yake palikuwa na mstari, upana wa ukucha wa kidole gumba, na ndani ya mstari ule ilikuwamo rangi ya maji ya kuoshea mchele yaliyodondoshewa tone moja la buluu ya kufulia. Buluu, lakini ya maziwa, tulivu mno. Haikufanana na chochote kilichotajwa kwenye benchi.

Fundi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. "Astaghfirullah," akasema. Akachukua makopo yake mawili ya kijani, akayafunika, akayasukuma chini ya rafu kwa mguu.

Idi ilikuwa siku tisa mbele, na gari lilihitaji siku za kukauka. Tulianza saa ile ile: nyeupe nyingi, buluu kidogo, nyeusi ya ncha ya msumari. Kifuniko cha saba Fundi akaruka juu, "Hii hii!" Kilikuwa bado kibichi. Nikamwambia tusubiri kikauke. Akasema hakuna muda. Nikamwambia, na sijui nilipata wapi ubavu wa kumwambia mtu mzima vile, kwamba haraka yake ndiyo iliyotufikisha kwenye shimo la takataka. Alinitazama. Nilijua nimefukuzwa kazi. Akaenda akakaa nje, nami nikakaa ndani, na kifuniko kikakauka katikati yetu. Kilipokauka kilikuwa kimezidi kiza. Fundi alikitazama, akakitupa, akanisogezea kopo la nyeupe. Kifuniko cha kumi na moja kilikauka Jumamosi mchana, na nilipokiweka juu ya ule mstari, mstari ukapotea.

Mzee Mkumba alikuja kwa ajili ya kijani, akijua ndiyo siku ya kupaka. Sikumweleza kitu. Nilimpa kifuniko tu. Alikipokea kwa mkono mmoja, kisha akaongeza wa pili. Akakaa chini palepale, kanzu safi juu ya vumbi la puti, na machozi yakamtiririka mpaka kidevuni naye anacheka. "Hii," akasema. "Hii, mwanangu. Mlikuwa mmeificha wapi?"

Fundi Mbwana akaenda kwenye ukuta. Alitungua bomba kwenye msumari wake, akalifuta kwa kitambaa, na akaniletea. "Aliyeiona ndiye ataipuliza," akasema. "Mimi nitashika taa na kunyamaza." Kukazuka kwanza suala la saumu: je, moshi wa thina unafunguza? Benchi la gahawa, ambalo mchana ule halikuwa na gahawa, liligawanyika pande mbili. Akaendewa shehe. Shehe akasema harufu haifunguzi kama hamuikusudii, lakini tukizimia tusije tukamlaumu yeye. Tukapanga kazi ianze mara baada ya sala ya alfajiri, kabla malori ya pantoni hayajafika na vumbi lake. Tulimwaga maji chini, tukalowesha magunia, nikajifunga kanga puani. Nilijifunzia pale pale, kwenye boneti, Fundi akinong'ona: usisimame, usirudi, tembea na mkono. Rangi ilitoka kama ukungu na kulala juu ya bati, na kila nilipopita, gari likawa linarudi. Tulipuliza asubuhi tatu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku nilipojifungua mwanangu wa kwanza, naye analijua hilo na ameshanisamehe.

Bwana Nasoro alikuja siku ya nne baada ya Idi, kwa pikapu ya kukodi. Kibiti nzima ilikuwa pale, wengine wakijifanya wanapita. Alikuwa mzee mdogo wa mwili, amevaa koti juu ya kanzu, na alimtafuta Mzee Mkumba kwa macho kabla ya kitu kingine. Walikumbatiana, wakaulizana habari za wazima na za waliotangulia, na gari lilikuwa nyuma yao, hajaligeukia. Mzee Mkumba alishindwa kuvumilia. Alimshika mabega akamgeuza.

Bwana Nasoro alisimama. Akaenda mpaka kwenye lile gari akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. "Mkumba," akasema, "mimi nilikuja kukuona wewe. Gari nilijua liliisha zamani. Sikukuuliza kwenye barua nisije nikakutia aibu."

"Nilikwambia utalikuta kama ulivyoliacha. Litazame, bwana. Kama pana kasoro, iseme mbele za watu hawa."

Mgeni alizunguka. Alitazama milango, taa, pua ile ndefu. Aliinama akatazama mpaka chini ya kizingiti cha mlango, nami nikasali kila sala niliyofundishwa. Aliponyooka macho yake yalikuwa yamejaa. "Rangi ile ile," akasema. "Wallahi, ile ile."

"Basi sema umepokea."

"Nimepokea."

"Sema tena. Wa kule kwenye benchi hawajasikia."

"Nimepokea, Mkumba! Nimepokea amana yangu, nzima, Mungu ni shahidi!"

Mzee Mkumba alitoa funguo mfukoni, akaziweka katika kiganja cha mwenzake, akakifunga kwa mikono yake miwili, na akapumua pumzi moja ndefu ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu duka lile lilipofungwa. Mimi nikashindwa kujizuia. Nilisahau kama nipo kazini, nina rangi mpaka kwenye nyusi, nimesimama katikati ya wanaume tu. Kigelegele kilinitoka chenyewe, kirefu, mpaka paka wakakimbia. Fundi Mbwana aligeuka kwa ghadhabu. "Ebo! Fundi gani wewe unapiga vigelegele gerejini?"

Benchi zima lilitugeukia, maana mwaka mzima hakuwahi kuniita fundi. Yeye mwenyewe alibaki mdomo wazi, akasikia alichokisema, na hakukirudisha. Nikapiga cha pili.